Kura, kula na kicheko cha darasani: sayansi iliyo nyuma ya lafudhi

Kabla hujaendelea kusoma, hebu tamka maneno haya kwa sauti: kura, kula. Kisha kalamu, karamu. Kisha mahali, mahari.

Umeyapita bila ulimi kujikwaa? Basi sawa. Lakini huenda una rafiki, jirani au mwalimu ambaye hapo hapo ndipo anapochekwa. Kenya mtindo huu una hadi jina lake: mtu "ameshrabu". Akisema "lais" badala ya rais, au "sida" badala ya shida, darasa zima linaangua kicheko, na siku hizi video inaweza kuzunguka simu zote za mtaa kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Tuseme ukweli, wakati mwingine inachekesha. Wachekeshaji wetu wengi wamekula mkate kwa kuigiza lafudhi za makabila, na watu wa makabila hayo hayo wamekaa mstari wa mbele wakicheka. Tatizo linaanza kicheko kikigeuka hukumu. Mtoto wa darasa la nne aliyechekwa mara mbili anaacha kunyoosha mkono. Mwanafunzi wa chuo mwenye swali zuri kuliko wote semina nzima anamwandikia mwenzake kwenye karatasi amuulizie. Mtu anakwenda kwenye usaili wa kazi ya uhasibu na kurudi bila kazi, ingawa hesabu zake ziko sawasawa, kwa sababu mtu fulani mezani aliona "hajiwezi kuongea".

Makala hii inajibu maswali matatu: lafudhi inatoka wapi, kwa nini masikio yetu yanaihukumu, na je, elimu inaweza kubadilisha chochote? Jibu la swali la tatu ni ndiyo, ila huenda anayehitaji kufundishwa si yule uliyemfikiria.

Kwanza, lafudhi ni nini?

Lafudhi ni namna ya kutamka: sauti za irabu na konsonanti, mkazo unawekwa wapi, kiimbo kinapanda na kushuka vipi. Lahaja ni kitu kikubwa zaidi, maana inagusa pia msamiati na sarufi. Kimvita, Kiamu na Kiunguja ni lahaja. Mtu wa Machakos anayesema Kiswahili sanifu kabisa lakini kwa mdundo wa Kikamba, huyo ana lafudhi.

Na wewe unayo. Hakuna binadamu anayeongea bila lafudhi, kama vile hakuna anayeandika kwa mkono bila mwandiko wake. Mtu akikwambia "mimi sina lafudhi", maana yake ni kwamba lafudhi yake ndiyo inayosikika redioni, kwa hiyo hakuna anayemuuliza ametoka wapi.

Inatoka wapi?

Inaanza mapema sana, kabla hata hujasema neno lako la kwanza.

Mwaka 1984, watafiti Janet Werker na Richard Tees walichunguza watoto wachanga nchini Kanada waliokuwa wakilelewa kwa Kiingereza. Wakiwa na miezi 6 hadi 8, watoto hao waliweza kutofautisha jozi za sauti za Kihindi ambazo wazazi wao wenyewe hawakuzisikia kuwa tofauti. Walipofika miezi 10 hadi 12, uwezo huo ulikuwa umepungua sana. Ubongo haukuharibika. Ulikuwa umefanya kazi yake: umegundua ni tofauti zipi za sauti zina maana katika lugha ya nyumbani, ukaacha kupoteza nguvu kwa zile nyingine.

Mwaka 2006, Patricia Kuhl na wenzake walionyesha jambo hilo kwa sauti zinazotuhusu sisi moja kwa moja, yaani r na l. Walilinganisha watoto wa Marekani na watoto wa Japani. Katika miezi 6 hadi 8, makundi yote mawili yalitofautisha sauti hizo kwa kiwango kinachokaribiana. Kufikia miezi 10 hadi 12, watoto wa Marekani walikuwa wameimarika, na wa Japani walikuwa wamerudi nyuma, kwa sababu Kijapani hakitenganishi r na l.

Sasa tuje kwetu. Kikuyu kina r lakini hakina l kama sauti inayojitegemea. Kikamba ni kinyume: kina l, hakina r. Kwa hiyo Mkikuyu anayesema "kura chakula" na Mkamba anayesema "kupiga kula" hawajachanganyikiwa. Kila mmoja anatumia sauti iliyo karibu zaidi katika ghala lake. Dholuo haina sh, ndiyo maana shamba linakuwa "samba". Lugha za Kikalenjin hazitumii tofauti ya p na b, au k na g, kutenganisha maneno, ndiyo maana sauti hizo hubadilishana nafasi mtu anapoongea Kiswahili.

Usidhani pwani imesalimika, au walioingia chuo wamesalimika. Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza kina nyingi zaidi, na kinatofautisha irabu ya neno "ship" (meli) na ya neno "sheep" (kondoo). Sisi wengi wetu tunayatamka sawa, na Mwingereza anasikia kuwa mizigo imepakiwa juu ya kondoo. Na sauti za dh, th na gh zilizokuja na maneno ya Kiarabu bado zinawapa taabu watu wengi wa bara, wanaosema "zambi" kwa dhambi na "samani" kwa thamani. Kila mtu ana mahali pake pa kujikwaa. Tofauti ni kwamba kujikwaa kwa wengine kumepewa jina la kejeli na kwa wengine hakujapewa.

"Lakini si kuna Kiswahili sahihi?"

Kuna Kiswahili sanifu, ndiyo, na kina faida kubwa. Lakini inafaa ujue kilivyopatikana. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, chini ya utawala wa Waingereza, kuamua ni lahaja gani iwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule katika Afrika Mashariki. Kimvita, lahaja ya Mombasa kwenyewe, kilikuwa na hazina kubwa ya ushairi. Kikachaguliwa Kiunguja, cha Zanzibar. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya kusimamia usanifishaji huo.

Fikiria maana yake. Mzee wa Mombasa anayesema "ndoo hapa" akimaanisha "njoo hapa" hakuharibu Kiswahili. Babu zake walisema hivyo kabla kamati haijazaliwa. Mkutano ungeamua vingine, leo mtoto wa Zanzibar ndiye angekuwa anasahihishwa kwa kusema "njoo". Usanifu ni makubaliano, kama kuendesha gari upande wa kushoto. Makubaliano yanatusaidia tusigongane, lakini hayamfanyi anayeendesha kulia nchini kwake kuwa mjinga.

Kwa nini basi masikio yanahukumu?

Kuna sababu ya kijamii na sababu ya ubongo, na mara nyingi zinashikana mikono.

Tuanze na ya ubongo. Mwaka 2010, Shiri Lev-Ari na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwasikilizisha watu sentensi fupi za maarifa ya kawaida, kama vile kwamba twiga anaweza kukaa bila maji muda mrefu kuliko ngamia. Baadhi zilisemwa na wazawa wa Kiingereza, nyingine na watu wenye lafudhi ya kigeni. Wasikilizaji waliambiwa kwamba wasemaji wanasoma tu walichoandikiwa, hawasemi ya kwao. Hata hivyo, sentensi zenye lafudhi zilionekana kuwa na ukweli mdogo zaidi.

Kwa nini? Maelezo yao ni kwamba kusikiliza lafudhi usiyoizoea kunaupa ubongo kazi ya ziada. Uzito huo mdogo tunausikia, lakini hatujui umetoka wapi, basi tunaubandika kwenye maneno yenyewe: "huyu bwana simwamini sana". Kazi ngumu ya sikio inageuka kuwa shaka juu ya msemaji.

Sababu ya kijamii inaonekana vizuri katika jaribio la Donald Rubin la mwaka 1992, Marekani. Wanafunzi wa chuo walisikiliza mhadhara uliorekodiwa na msemaji mmoja, mzawa wa Kiingereza. Kundi moja lilionyeshwa picha ya mwanamke Mzungu, jingine picha ya mwanamke mwenye asili ya Asia, kwamba ndiye anayeongea. Sauti ilikuwa ile ile. Walioona picha ya Mwasia walielewa mhadhara kidogo zaidi, na walisikia lafudhi ya kigeni ambayo haikuwepo! Yaani masikio yalisikia kile ambacho macho yalishatabiri.

Na madhara yake hayaishii maabara. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mwanaisimu John Baugh na wenzake walichunguza simu za kutafuta nyumba za kupanga huko California. Baugh mwenyewe anaweza kuongea kwa lafudhi tatu: ya Wamarekani weusi, ya Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na ile inayoitwa sanifu. Mtu mmoja, ombi moja, lafudhi tatu. Katika maeneo yenye Wazungu wengi, lafudhi sanifu ilipewa miadi ya kuona nyumba mara nyingi zaidi. Hakuna aliyeona rangi ya ngozi yake. Sauti ilitosha.

Kwetu, lafudhi inatangaza kabila hata kama mtu hajataja jina lake. Ndiyo maana suala hili si la mzaha tu. Kitabu cha Waamuzi katika Biblia, sura ya 12, kinasimulia jinsi Wagileadi walivyoshika vivuko vya Yordani na kumtaka kila anayevuka aseme "Shibolethi". Waefraimu walisema "Sibolethi", na kwa sauti hiyo moja wakatambuliwa na kuuawa. Sh na s: jozi ile ile inayomchekesha mtu wetu kwenye neno shida. Kipimo cha ulimi ni kitu cha kale, na kimewahi kutumika kwa mambo mabaya kuliko kicheko.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo asili ya kikabila na lugha. Neno lafudhi halimo. Lakini mtu akinyimwa nafasi kwa sababu sauti yake "ni ya kule", amebaguliwa kwa kipi kama si hivyo viwili?

Jambo la kuchunguza: kipimo cha mgeni

Mzungu akija sokoni akasema "Mimi nataka kununua umbuzi", watu wanapiga makofi. "Anajitahidi! Anajua Kiswahili!" Hakuna anayemwambia arudi akajifunze. Dakika tano baadaye mchuuzi kutoka bara anasema "mbusi", na anaitwa mshamba.

Wote wawili wamekosa sauti ya neno moja. Mmoja ameongezewa sifa, mwingine amepunguziwa heshima. Kama tatizo letu lingekuwa usahihi wa matamshi, tungewapima sawa. Mfano huu mdogo unatosha kuonyesha kwamba tunachopima mara nyingi ni hadhi ya msemaji.

Basi elimu ifanye nini?

Kwa muda mrefu jibu limekuwa moja: msahihishe msemaji. Hilo lina nafasi yake, na tusijidanganye. Kura na kula ni maneno mawili tofauti, na mwanafunzi akiandika "karamu" akimaanisha kalamu, msomaji wake atatafuta pilau. Ni haki ya mwanafunzi kufundishwa tofauti hizo. Na inawezekana kabisa: mwaka 1991, John Logan, Scott Lively na David Pisoni waliripoti kwamba Wajapani watu wazima waliofanyishwa mazoezi ya kusikiliza r na l kutoka kwa wasemaji mbalimbali waliboresha uwezo wao wa kuzitofautisha. Angalia vizuri lakini: kilichosaidia ni mazoezi mengi, sauti za watu tofauti, na kuambiwa jibu sahihi kila baada ya jaribio. Kicheko hakikuwa sehemu ya mbinu.

Upande uliosahaulika ni msikilizaji. Na huyu ana habari njema. Mwaka 2004, Constance Clarke na Merrill Garrett walipima kasi ya watu kuelewa Kiingereza chenye lafudhi ya kigeni. Mwanzoni wasikilizaji walipungua kasi. Lakini ndani ya dakika moja tu ya kusikiliza, sehemu kubwa ya ule upungufu ilikuwa imeondoka. Dakika moja! Msemaji anahitaji miezi au miaka kubadilisha ulimi wake, na pengine asifaulu kabisa. Msikilizaji mara nyingi anahitaji sentensi chache za uvumilivu. Ukiuliza nani atumie nguvu ndogo kwa faida kubwa, hesabu iko wazi.

Hivyo basi, haya ni mambo ambayo shule na vyuo vinaweza kuanza kufanya bila kusubiri bajeti:

Fundisha sababu. Somo moja la sauti linatosha kuanza. Waambie wanafunzi wachore jedwali la sauti za lugha za nyumbani kwao: ipi ina r, ipi haina sh, ipi ina toni. Mtoto akishaona ubaoni kwamba "kosa" lake lina mantiki, na kwamba mwenzake aliyemcheka ana pengo lake mahali pengine, kicheko kinapungua nguvu. Na amejifunza isimu ya kweli.

Tenganisha alama. Kama unapima hoja, pima hoja. Kama unapima matamshi, sema hivyo mapema. Usimkatize mwanafunzi anayeeleza usanisinuru ili umsahihishe l moja. Andika pembeni, umwambie baadaye mkiwa wawili.

Sikilizisha sauti nyingi. Tukizoesha masikio ya wanafunzi lafudhi moja tu ya redio, tutawapa masikio membamba. Wasikie Kiswahili cha Mombasa, cha Unguja, cha Kisumu, cha Mwanza, cha Lubumbashi. Masikio yaliyozoea wengi huchoka kidogo, na tumeshaona kwamba uchovu wa sikio ndio unaozaa shaka.

Weka vigezo kwa maandishi. Hili ni la wanaofanya usaili na wanaosahihisha mitihani ya mdomo. Watafiti wa Chicago walipowaambia wasikilizaji waziwazi kwamba lafudhi inaweza kupotosha hukumu yao, watu waliweza kujirekebisha kwa lafudhi nyepesi, lakini kwa lafudhi nzito upendeleo ulibaki. Maana yake kujua peke yake hakutoshi. Unahitaji karatasi yenye vigezo vilivyoandikwa kabla mtu hajafungua mdomo, na kila mpimaji aandike alama zake kabla hamjaanza kujadiliana.

Na wewe unayesoma?

Huna darasa wala kamati ya usaili, lakini una masikio mawili. Mara nyingine ukikutana na lafudhi inayokuchosha, jipe dakika moja kabla ya kuamua chochote kuhusu akili ya mtu. Usipoelewa, usiseme "sikuelewi" ukaishia hapo, maana hapo umemrudishia mzigo wote. Uliza neno lenyewe: "Samahani, umesema kula au kura?" Swali hilo linamheshimu, na linakupa jibu.

Na kama wewe ndiye unayechekwa, jua kwamba ulimi wako umebeba kumbukumbu ya lugha ya kwanza uliyoisikia duniani. Ukitaka kuongeza lafudhi nyingine kwa ajili ya kazi au masomo, ongeza, ni ujuzi kama ujuzi mwingine. Ila usikubali swali lako libaki mfukoni. Semina ijayo, nyoosha mkono. Sentensi ya kwanza huenda wakahangaika nayo kidogo. Kufikia ya nne, masikio yao yatakuwa yamezoea.